Namna ya Kuandaa Mkeka wa Kikapu cha Vyuo vya Marekani Ukiwa Kigoma

Alhamisi ya tatu ya mwezi Machi, saa 6 na robo mchana kwa saa za New York, ndipo raundi ya kwanza ya mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani huanza. Kwetu Kigoma inakuwa saa 1 na robo usiku, wakati wauza migebuka wa Mwanga wanafunga meza zao na wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wameshaondoka na taa zao kuelekea ziwani. Anayetaka kushiriki mkeka ahakikishe karatasi yake imefika kwa msimamizi kabla ya dakika hiyo. Nimeuendesha mkeka wa namna hii kwa miaka kadhaa pamoja na wenzangu wachache wanaopenda kikapu, na nimeona kwamba kinachouvuruga si ugeni wa vyuo vyenyewe, kwani majina huzoeleka kwa siku mbili tu, bali ni saa zilizohesabiwa vibaya na kanuni ambazo hazikusemwa mapema.

Neno mkeka nimeliazima kwa vijana wanaobashiri mpira wa miguu, ila maana yake hapa ni tofauti kidogo. Ni mchoro mmoja wa mtoano ambao kila mshiriki anaujaza wote, kuanzia raundi ya kwanza hadi jina la bingwa, kabla mpira wa kwanza haujarushwa, na baada ya hapo haruhusiwi kubadilisha hata herufi moja. Timu uliyoiandika kuwa bingwa ikitolewa usiku wa kwanza, utaendelea kuitazama nafasi yake tupu kwa wiki tatu.

Kuuchora

Kwa upande wa wanaume, mashindano haya yanayosimamiwa na chama cha michezo ya vyuo, NCAA, yana timu 68 tangu mwaka 2011. Mwaka 2025 timu 31 ziliingia kwa kutwaa ubingwa wa ligi zao na 37 zilichaguliwa na kamati. Orodha nzima hutangazwa Jumapili jioni huko kwao, ambayo kwetu ni takribani saa 7 usiku wa kuamkia Jumatatu, na sioni sababu ya mtu kukesha kwa ajili yake wakati asubuhi ataikuta imekamilika. Jumanne na Jumatano timu 8 huchujana katika mji wa Dayton, Ohio, ili zibaki 64. Michezo hiyo minne huwa tunaiacha nje ya hesabu, maana ukiihesabu unampunguzia kila mshiriki siku mbili za kufikiri.

Timu 64 hugawanywa katika kanda 4 zenye timu 16 kila moja, na kila timu hupewa namba, ambapo 1 ni ile inayodhaniwa kuwa bora kuliko zote katika kanda yake na 16 ni ile inayodhaniwa kuwa dhaifu kuliko zote. Majina ya kanda, yaani Mashariki, Magharibi, Kusini na Magharibi ya Kati, yasikupoteze ukadhani yanaonyesha timu zinakotoka, kwa sababu chuo cha pwani moja kinaweza kabisa kupangwa katika kanda yenye jina la pwani nyingine.

Nunua karatasi ya manila katika duka la vifaa vya shule, uigawe sehemu nne, na katika kila sehemu uandike jozi kwa mpangilio huu kutoka juu kwenda chini: 1 na 16, 8 na 9, 5 na 12, 4 na 13, 6 na 11, 3 na 14, 7 na 10, 2 na 15. Kila jozi lazima itoe jumla ya 17, hivyo ukiona moja inatoa 16 au 18, umekosea kunakili. Mpangilio huo usibadilishwe kwa sababu za urembo, kwani ndio unaoamua mshindi wa jozi moja atakutana na nani katika raundi inayofuata. Baada ya michezo 32 ya raundi ya kwanza hubaki timu 32, kisha kumi na sita bora, nane bora, nne bora na fainali, na jumla yake ni michezo 63. Manila hiyo ndiyo ya kubandika ukutani ili kila mtu aone matokeo yanavyoendelea, na washiriki wapewe nakala ndogo za kawaida.

Historia ipi inakusaidia, na ipi ni simulizi

Mashindano yalianza mwaka 1939 yakiwa na timu 8 tu, na Oregon ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza kwa kuifunga Ohio State 46 kwa 33. Idadi ilipanda polepole hadi 32 mwaka 1975 na 64 mwaka 1985. Miaka hiyo miwili ya mwisho ni muhimu kwa mtu anayejaza mkeka kuliko vikombe vyote vya zamani. Utasikia watu wakiitaja UCLA ya kocha John Wooden, iliyotwaa ubingwa mara 10 katika miaka 12 kati ya 1964 na 1975, zikiwamo mara 7 mfululizo, na utashawishika kudhani kwamba timu kubwa hazifungwi. Wakati huo, hata hivyo, ligi moja ilikuwa na nafasi ya kupeleka timu moja, njia ya kufika fainali ilikuwa fupi, na timu nyingi nzuri zilibaki nyumbani. Kwa hiyo mimi husoma rekodi kuanzia 1985, na yote yaliyotangulia nayachukua kama simulizi.

Ni simulizi nzuri lakini, na zipo mbili ambazo mpenzi wa mchezo huu hapaswi kuzikosa. Mwaka 1966 Texas Western ilianza fainali na wachezaji watano wote weusi dhidi ya Kentucky, ambayo haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, ikashinda 72 kwa 65, wakati ambapo vyuo vingi vya kusini mwa Marekani vilikuwa bado havijampa mchezaji mweusi hata jezi. Mwaka 1979 Michigan State ya Magic Johnson iliifunga Indiana State ya Larry Bird 75 kwa 64, na wawili hao wakauhamishia ushindani wao katika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ambako uliendelea kwa miaka kumi iliyofuata.

Kwa Mtanzania kuna mwaka mwingine wa kukumbuka, nao ni 2009. Hasheem Thabeet, aliyetoka Dar es Salaam akiwa na urefu wa zaidi ya meta 2.20, alikuwa nguzo ya ulinzi ya Chuo Kikuu cha Connecticut, kinachofahamika zaidi kama UConn. Timu yake ilipangwa namba 1 katika kanda yake, ikafika nne bora katika mji wa Detroit, na ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Miezi michache baadaye Thabeet alichaguliwa wa pili katika upangaji wa wachezaji wapya wa NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. UConn yenyewe hadi mwaka 2025 ilikuwa na vikombe 6 vya wanaume, viwili vya mwisho vikiwa vya 2023 na 2024, na hapa Kigoma nimekutana na watu wanaoishabikia ambao hawawezi kukutajia chuo kingine chochote cha Marekani.

Hapo ndipo mkeka wa wengi unapochanikia. Mwaka 2022 wenzetu waliotazama mambo kwa jicho la ng'ambo ya ziwa waliiandika Kentucky ifike mbali, kwa sababu ilikuwa na Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa vyuo mwaka huo. Kentucky ilikuwa namba 2 na ilipangiwa Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kilichopewa namba 15. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 16, yaani mipira iliyorushwa ikakosa kikapu, lakini timu yake ikalala 85 kwa 79 baada ya dakika za nyongeza, na Saint Peter's ikaendelea hadi nane bora, jambo ambalo hakuna namba 15 iliyokuwa imelifanya kabla yake. Nami nilikuwa mmoja wa waliopoteza, na sikupoteza kwa kukosa takwimu. Nilizisoma, kisha nikaziweka pembeni kwa sababu ya undugu.

Kujaza: anza na bingwa, urudi nyuma

Karibu kila mtu huanza kujaza kutoka raundi ya kwanza kuelekea katikati ya karatasi, na hilo ndilo kosa ninalolipiga vita kila mwaka. Tazama pointi zinavyohesabiwa. Utaratibu uliozoeleka ni pointi 1 kwa kila mshindi wa raundi ya kwanza, 2 kwa raundi ya pili, kisha 4, 8, 16, na 32 kwa bingwa. Kwa kuwa michezo hupungua nusu kila raundi, kila raundi ina jumla ya pointi 32, na mkeka mzima una pointi 192. Aliyempata bingwa amekusanya kutokana na timu hiyo moja pointi 1, 2, 4, 8, 16 na 32, yaani 63, ambazo ni karibu theluthi ya pointi zote. Aliyekosea michezo 10 ya raundi ya kwanza amepoteza pointi 10, pamoja na chache za mbele ikiwa alizipeleka timu hizo mbali. Huu ni mchezo ambao kila mtu anakosea, na mshindi ni yule ambaye makosa yake yalikuwa ya bei nafuu.

Wala usihangaike kutafuta mkeka usio na kosa. Michezo 63 yenye matokeo mawili kila mmoja inatoa njia 9,223,372,036,854,775,808 za kuujaza, na kati ya mikeka ya mtandaoni ambayo NCAA imekuwa ikiifuatilia, uliofika mbali zaidi ulipatia michezo 49 ya kwanza mwaka 2019, kisha ukachanika. Mwaka 2014 tajiri Warren Buffett alithubutu kuidhamini zawadi ya dola bilioni 1 kwa atakayepatia yote, na mtu anayefanya biashara ya bima asingeweka fedha hizo mahali penye hatari.

Kwa hiyo andika kwanza jina la bingwa, kisha aliyeshindwa fainali, kisha nne bora, halafu ndipo urudi raundi za mwanzo. Kwa bingwa, tangu 1985 hadi 2025 zaidi ya nusu ya mabingwa walikuwa namba 1, na timu yenye namba kubwa zaidi kuwahi kushinda ni Villanova, namba 8, mwaka huohuo wa 1985. Namba 5 haijawahi kuwa bingwa hadi 2025. Namba 11 imefika nne bora mara kadhaa, ikiwamo George Mason mwaka 2006 na NC State mwaka 2024, lakini haijawahi kucheza fainali. Pamoja na hayo, usiandike namba 1 zote nne katika nne bora, maana jambo hilo lilitokea mwaka 2008 na 2025 tu.

Ukubwa wa kundi lenu nao ubadilishe uamuzi wako. Mkiwa watu wanane, mchague bingwa mnayemwamini kwelikweli hata kama wengine wamemchagua pia. Mkiwa sitini, timu inayopendwa na watu ishirini haitakupa ushindi hata ikishinda, kwa kuwa utabaki kugombania nafasi na hao kumi na tisa, na ni afadhali uchukue namba 1 au namba 2 isiyosemwa sana.

Raundi ya kwanza iendee haraka. Namba 1 imefungwa na namba 16 mara 2 tu katika michezo 160 ya miaka 1985 hadi 2025: Virginia ilifungwa na UMBC 74 kwa 54 mwaka 2018, na Purdue ikafungwa na Fairleigh Dickinson 63 kwa 58 mwaka 2023. Namba 15 iliishinda namba 2 mara 11 katika idadi hiyohiyo, kwa hiyo zipitishe namba 1 na 2 zote bila kufikiri. Mahali pa kuthubutu ni jozi ya 5 na 12, ambapo namba 12 hushinda takribani mara 1 katika kila michezo 3, na ile ya 6 na 11, ambapo pengo ni dogo zaidi. Jozi ya 8 na 9 ni sawa na kurusha shilingi, na atakayeshinda hapo kwa kawaida atakutana na namba 1 siku mbili baadaye, hivyo usiipotezee muda.

Kanuni na fedha

Mteue kijumbe mmoja, kama mnavyofanya katika mchezo wa kupeana, mtu ambaye hajazi mkeka wake au ambaye mkeka wake unabandikwa ukutani wa kwanza kabisa. Mwaka mmoja mwenzetu alileta karatasi saa 1 na dakika 40 usiku, mchezo wa kwanza ukiwa umeshaanza, akaapa kwamba hajaona matokeo. Huenda alisema kweli, lakini ugomvi uliotokea ulidumu kuliko mashindano. Tangu hapo kila karatasi hupigwa picha na kutumwa katika kundi la WhatsApp, na saa ya ujumbe ndiyo ushahidi.

Amueni pia mapema namna ya kutenganisha waliofungana. Njia iliyo rahisi ni kila mtu kuandika chini ya karatasi jumla ya pointi za fainali, na aliyekaribia zaidi ndiye mshindi. Asiyejua kikapu cha vyuo ataandika 210 kwa mazoea ya NBA, na hapo atakuwa mbali sana, kwa sababu mchezo wa vyuo ni wa dakika 40 badala ya 48 na kasi yake ni ya chini. Fainali tano za 2021 hadi 2025 zilitoa jumla ya pointi 156, 141, 135, 135 na 128, wastani wake ukiwa 139.

Kuhusu fedha, ushauri wangu ni kwamba msichange. Inasemekana mkeka wa kwanza wa pamoja ulianzishwa mwaka 1977 katika baa moja ya Staten Island, New York, na watu 88 waliotoa dola 10 kila mmoja. Katika miaka ya 2000 kitita kilikuwa kimekua hadi kuwaletea wenye baa matatizo ya kodi, wakauacha. Kwetu kukusanya fedha za kubashiri ni shughuli inayosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, wala si ya vijana walio chini ya miaka 18, na katika mji wenye Waislamu wengi kama huu wetu, sehemu kubwa ya watu ambao ungependa washiriki hawatagusa kamari. Sisi anayeshika mkia humpikia mshindi migebuka kwa mawese, na sijawahi kuona mtu akikosa kujaza eti kwa sababu zawadi ni ndogo.

Kutazama

Marekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo kipindi chote cha mashindano tofauti yetu na New York ni saa 7, si 8. Kuna tatizo jingine la hapa kwetu: Burundi na mashariki mwa Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyonasa mtandao wa ng'ambo ya mpaka huweza kujirudisha nyuma yenyewe. Iwekee simu yako saa za Afrika Mashariki kwa mkono, usiiachie ijipangie.

Alhamisi na Ijumaa za kwanza ndizo zenye utajiri, kwani kila siku kuna michezo 16, ya kwanza ikianza saa 1 na robo usiku na ya mwisho ikianza kama saa 11 alfajiri. Sisi tulio magharibi, ambako jua huchomoza takribani dakika 40 baada ya Dar es Salaam, tunaweza kutazama sehemu kubwa ya mchezo wa mwisho kukiwa bado hakujapambazuka vizuri. Mwenye kazi asubuhi atazame hadi saa 5 usiku akalale, maana atakuwa ameona michezo kadhaa.

Chaneli ya ESPN, inayopatikana kupitia king'amuzi cha DStv, imekuwa ikionyesha baadhi ya michezo katika miaka iliyopita, ila usilipie kifurushi kabla ya kufungua ratiba ya wiki husika na kuiona michezo kwa jina. Nchini Marekani michezo ya wanaume huonyeshwa na CBS, TBS, TNT na truTV, na programu rasmi ya simu ya mashindano imekusudiwa watazamaji wa huko, kwa hiyo haitakufaa ukiwa Ujiji. Tovuti za wizi zinazojitangaza kuonyesha kila kitu zitakula bando lako na kukatika katika dakika mbili za mwisho. Aliye na bando dogo atumie chaneli ya YouTube ya mashindano yenyewe, ambayo huweka vipande muhimu vya kila mchezo, na atakunywa chai yake asubuhi akiwa anajua kila kitu.

Mkitaka kutazama kwa pamoja, zungumzeni na mwenye kibanda umiza mapema. Atakuambia watu wanataka mpira wa miguu, naye ana haki, lakini mwezi Machi una wiki ya kalenda ya FIFA ambapo ligi za vilabu vya Ulaya husimama, na mwaka 2024 na 2025 wiki hiyo iliangukia siku zilezile za raundi ya kwanza. Runinga zake zitakuwa na nafasi, na watu kumi wenye uhakika wa kuja ni wateja kwake.

Kumi na sita bora ni za usiku wa manane, kuanzia saa 8. Nane bora za Jumapili zimekuwa zikianza kama saa 3 na nusu usiku, na kwa maoni yangu ndiyo siku nzuri kuliko zote kwa mtu wa Kigoma, kwa sababu timu ni bora na muda unaruhusu. Nne bora huanza saa 7 usiku wa kuamkia Jumapili. Fainali ya wanaume huanza kati ya saa 9 na nusu na saa 10 na nusu usiku wa kuamkia Jumanne. Mwaka 2024 iliangukia ndani ya Ramadhani, tukaitazama tukila daku.

Wasioweza kukesha waandae mkeka wa wanawake. NCAA iliyaanzisha mashindano hayo mwaka 1982, yana timu 68 tangu 2022, na UConn ndiyo inayoongoza kwa vikombe 12 hadi 2025. Namba 1 ni ngumu zaidi kufungwa huko, kwani hadi mwaka 2025 ilifungwa na namba 16 mara moja tu, Harvard ilipoitoa Stanford mwaka 1998, hivyo jaza kwa uangalifu zaidi na ujasiri mdogo. Fainali yao ya 2023, 2024 na 2025 ilianza Jumapili saa 4 usiku kwa saa zetu, na kijumbe alikuwa ameshajumlisha pointi kabla ya saa 7.